Ada Yenye Kikomo: Tathmini ya Huduma Inayopangiwa Bei na Serikali

Elimu ya chuo kikuu ni huduma ambayo mwanafunzi huilipia kabla hajaijua, na akishafika mwaka wa pili hawezi kuhamia kwingine bila kupoteza muda na fedha. Kwa sababu hiyo ninaona serikali ina haki ya kuweka kikomo cha ada, kwa kuwa anayeuza kwa mtu asiyeweza kuondoka hapaswi kuachiwa apange bei peke yake. Ninachotathmini hapa ni namna kikomo hicho kinavyomfaa anayelipa.

Uingereza (nikimaanisha England, maana Scotland ina utaratibu wake) ilipandisha kikomo hadi paundi 9,000 kwa mwaka mnamo 2012, kwa matarajio kwamba vyuo vichache tu vingetoza kiasi hicho chote. Vingi vilikifikia au kukikaribia upesi, kwani hakuna chuo kilichotaka kudhaniwa kuwa duni kwa sababu ya bei yake. Kikomo kikageuka kuwa ndiyo bei. Kisha kikabaki paundi 9,250 kuanzia 2017 hadi kilipopandishwa kuwa 9,535 mwaka 2025, na kwa kuwa gharama za kuendesha vyuo hazikusimama muda wote huo, vyuo vikategemea zaidi wanafunzi wa kigeni, ambao ada zao hazina kikomo, huku baadhi vikipunguza wahadhiri na kufunga kozi. Mwanafunzi alilindwa dhidi ya bei, lakini huduma yenyewe ikapungua.

Ujerumani inanishawishi zaidi. Kufikia 2014 majimbo yote yalikuwa yamefuta ada ya jumla katika vyuo vya umma, na pengo likazibwa kwa fedha za kodi. Mwanafunzi hulipa mchango wa muhula, ambao katika vyuo vingi hujumuisha tiketi ya usafiri wa umma, hivyo anajua anachokilipia. Ni kweli kwamba hata asiyesoma huchangia kupitia kodi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa, ingawa daktari na mwalimu hawamhudumii aliyewasomesha peke yake.

Kasoro inayoniudhi kuliko zote huonekana katika hati ya malipo. Mstari wa kwanza ni ada ya mafunzo, nayo iko ndani ya kikomo kama ilivyotangazwa. Chini yake hufuata usajili, mitihani, maabara, maktaba, kitambulisho na, mwaka wa mwisho, usimamizi wa tasnifu na joho la mahafali, ambalo mara nyingi hata si la kubaki nalo. Sheria inayogusa mstari wa kwanza tu inakiachia chuo mistari mingine yote.

Kwa hiyo ninakipendekeza kikomo kinachojumlisha michango yote ya lazima na kinachoambatana na ruzuku inayopitiwa kila mwaka. Anayechagua chuo kwa sasa adai kwa maandishi gharama za miaka yote ya masomo kabla hajathibitisha nafasi yake, na chuo kikisita kuzitoa, aendelee kutafuta.