Raspberry Pi 4 kama seva ya saiti, uzoefu wangu

Kwa wanaouliza kama Raspberry Pi 4, haka kakompyuta kadogo ka bodi moja, kanaweza kweli kubeba saiti, yaani kuwa seva inayowapa wageni kurasa zake, mimi nasema kanaweza tena vizuri sana, ila angalia kwanza umeme unaokapa na mahali data inapokaa, maana watu wanabishana usiku kucha kuhusu prosesa na RAM wakati hivyo vitu viwili havijanisumbua hata siku moja.

Yangu ni Pi 4 ya RAM 4 GB, toleo lililotoka 2019, prosesa yake ina kori 4 za 1.5 GHz. Niliiacha 3 B+, Pi ya kabla yake, kwa sababu ya mtandao. Kwenye 3 B+ waya wa mtandao unapita njia ileile ya USB 2.0 kwa hiyo hata ukisikia gigabiti (Mbps 1000) unaishia kama 300 Mbps hivi, wakati kwenye 4 ni gigabiti kamili na USB 3.0 zake zina njia yao, unachomeka diski na mtandao haubanwi. Kwa seva hiyo ni tofauti kubwa sana.

Kuinstoli ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Unachukua Raspberry Pi Imager kwenye laptop, unachagua Raspberry Pi OS Lite ambayo haina desktopu, maana seva haihitaji skrini wala mausi, halafu kabla haijaandika kadi inakupa sehemu ya kuweka jina la mashine, yuza, pasiwedi, waifai na kuwasha SSH, njia ya kuingia kwenye Pi kwa amri ukiwa kwenye kompyuta nyingine. Hapo usiruke jamani! Ile yuza ya zamani pi yenye pasiwedi raspberry iliondolewa Aprili 2022 na mafunzo mengi ya zamani bado yanakwambia uingie nayo, mtu anahangaika siku nzima anadhani ameuziwa mashine mbovu kumbe hiyo yuza haipo tena. Ukishaingia kwa SSH unasasisha mfumo kwa sudo apt update na sudo apt full-upgrade, kisha sudo apt install nginx, programu inayotuma kurasa kwa wageni, fungua brauza andika IP ya Pi, yaani namba yake ya mtandao, na ukurasa wa kukaribisha wa nginx huo hapo. Faili zako unaziweka /var/www/html basi. Apache, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo inafanya kazi vizuri, mimi napenda nginx kwa sababu inakula RAM kidogo na faili zake za setingi ni fupi, nazielewa nikizisoma. Kwa kurasa za HTML za kawaida prosesa inakaa karibu na sifuri muda wote, ukiweka WordPress, programu ya kujenga saiti, na databezi yake ndo unaanza kuona kazi, na hata hapo kinachokwama kwanza ni kadi.

Sasa umeme. Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na chaja nyingi za simu zinazojisifia nguvu kubwa hiyo nguvu zinaitoa kwenye volti 9 au 12, ila Pi haiombi hizo, inaomba 5 tu, na kwenye 5 chaja hiyohiyo inaweza kutoa ampea 2 tu, ongeza na waya mwembamba unaokula volti njiani. Ikishuka chini ya kama 4.63 Pi inapunguza spidi yenyewe, saiti inakuwa nzito na wewe unailaumu nginx bure. Andika vcgencmd get_throttled, ikijibu 0x0 uko salama, ikijibu 0x50005 umeme ni mdogo sasa hivi unavyosoma, 0x50000 ilishatokea tangu iwashwe ila kwa sasa imetulia. Tangu niweke chaja yake rasmi ya volti 5.1 naona 0x0 tu, na kwa kweli hiki ndo kitu nakisisitiza kuliko vyote.

Kadi ya memori ndo ya pili. Seva inaandika muda wote, kila anayefungua ukurasa ni mstari kwenye logi, faili la kumbukumbu za matukio, mfumo wenyewe nao una logi zake, na hivi vikadi havikutengenezwa kwa maisha hayo. Ya kwanza niliyotumia ilifika mahali ikawa inasomeka tu lakini haiandikiki, unasevu faili inagoma. Nikahamia SSD ndogo ya USB, Pi 4 inaweza kuwaka moja kwa moja kutoka USB, unapanga kwenye raspi-config, programu yake ya setingi, na aisee ni kama mashine nyingine kabisa, hata apt yenyewe unaisikia imepata kasi. Kama lazima ubaki na kadi basi zima access_log, ile logi ya wageni, kwenye nginx, utakosa takwimu za wageni lakini kadi itapumua, na bakapu ya folda ya saiti iwe nje ya Pi.

Kuitoa nje kwenye intaneti ndo kunachukua muda kuliko kuinstoli. Unafungua poti 80 na 443, milango ya kurasa za wavuti, kwenye ruta, unaelekeza domeini (jina la saiti) kwenye IP yako, halafu programu ya certbot inakuchukulia cheti cha HTTPS cha siku 90 kutoka Let's Encrypt, wanaotoa vyeti bure, na inakirinyuu yenyewe. Lakini kabla ya yote hayo tazama IP ya nje iliyoandikwa kwenye ruta, ikianza na namba kati ya 100.64 na 100.127 ujue mtoa huduma wako amewaweka wateja wengi nyuma ya IP moja, fungua poti uchoke hakuna atakayeingia, tafuta tanel kama ya Cloudflare, yaani Pi yenyewe inafungua njia kwenda kwa seva zao na wageni wanapitia huko. Na poti 22, mlango wa SSH, usiitoe nje, ukiitoa utaona kwenye logi maroboti yanajaribu pasiwedi mfululizo, na hata ndani ingia kwa ufunguo, yaani faili la siri badala ya pasiwedi.

Joto halijanipa shida, kava la chuma linatosha, spidi inaanza kupunguzwa ikifika nyuzi 80 na yangu haifiki huko. Kitu ambacho natamani ingekuwa nacho ni saa yenye betri, Pi 4 haina, umeme ukikatika ikawaka bila mtandao inaamini bado ni muda wa jana.

Pi 5 iliyotoka 2023 ina hiyo saa, betri unanunua pembeni, na inaweza kuchukua NVMe, aina ya SSD yenye kasi zaidi, ila inataka chaja ya ampea 5 ili ikupe nguvu zote. Kwa saiti ya kurasa za kawaida mimi ningechukua tena 4, hela inayobaki naiweka kwenye SSD na chaja.