Seti ya kupimia presha ya rejeta: ilivyonionyesha maji ya Corolla yangu yalikokuwa yakiishia

Kwa miezi saba Corolla 110 yangu ilikunywa maji na mimi sikujua yanakwenda wapi. Gari ni la mwaka 1998, injini 5A ya cc 1500, ninalo mwaka wa kumi na moja sasa. Kila asubuhi, injini ikiwa ya baridi, nafungua mfuniko wa rejeta, nakuta maji yameshuka, naongeza. Chini ya gari pakavu. Ekzosi haitoi moshi mweupe. Mafuta kwenye stiki ni safi, hayajageuka rangi ya chai ya maziwa. Nikachukua chupa ya soda ya nusu lita, nikaichora mistari, nikawa naandika kwenye daftari kiasi ninachoongeza pamoja na kilomita. Ikawa inakwenda nusu lita kila kilomita 300 hivi. Gari hili linabeba kati ya lita tano na sita mfumo mzima, kwa hiyo nusu lita si kitu cha kufumbia macho.

Fundi wa kwanza alibadilisha mfuniko wa rejeta. Wa pili akatoa thamostati, ile vali inayosimamia joto la maji ya injini, akasema, "Bosi, kwa joto la Dar hii haina kazi." Mwezi wa kumi na mbili tukasafiri kwenda Iringa. Tukiwa katikati ya mlima Kitonga mshale wa joto ukaanza kupanda, na kabla sijapata pa kuegesha ulikuwa umeshafika kwenye nyekundu. Tulikaa pembeni zaidi ya saa nzima, bonneti wazi, malori yakitupita kwa gia ya kwanza, mke wangu ameshika kidumu cha maji na mimi namwambia bado, mfuniko haufunguliwi mpaka rejeta ishikike kwa mkono mtupu.

Tuliporudi, fundi wa tatu alisikiliza habari hiyo akajibu papo hapo: gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeungua. Shilingi 480,000, ndani yake kushusha hedi, kuipeleka kusawazishwa, gasketi mpya na ufundi. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta hela. Kilichonizuia ni jambo moja tu: katika mafundi watatu, hakuna aliyekuwa amepima chochote.

Ndipo mwezi wa tatu nikanunua seti hii Kariakoo, upande wa Gerezani, kwa shilingi 145,000. Ni sanduku jekundu la plastiki lisilo na jina la kampuni. Ndani kuna pampu ya mkono yenye geji, mrija, na vichwa vya kufungia kwenye mdomo wa rejeta, kila kimoja na rangi yake kwa aina yake ya gari. Kuna pia kipimajoto ambacho sijakigusa. Karatasi ya maelekezo haikunisaidia kitu.

Kazi yake ni rahisi kuelewa. Injini ikiwa moto, maji yake hukaa chini ya presha, na matundu mengi madogo hufunguka wakati huo tu, ukiwa barabarani. Ukifika nyumbani na kuzima, yale matone yameshakauka juu ya chuma cha moto. Pampu hii inakupa presha hiyo hiyo gari likiwa limepoa na limetulia, ukazunguka na tochi bila haraka. Mfuniko wangu umeandikwa 0.9, na geji ya pampu nasoma kwenye bar 0.9, usizidishe hapo, utapasua rejeta nzima. Presha hiyo ina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwa bar 0.9 juu ya presha ya hewa, hata maji matupu hayachemki mpaka karibu nyuzi 119. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Gari linalopanda mlima huku presha inavuja limepoteza kinga yake pale pale linapoihitaji.

Sasa kasoro, na hii ni kubwa. Usiku wa kwanza mshale ulishuka kutoka 0.9 hadi sifuri ndani ya dakika mbili. Kabla sijaanza kutafuta tundu nikasikia mlio mwembamba karibu na mkono wangu. Nikapaka povu la sabuni kwenye kiungo cha mrija, likafura. Oringi ya ndani, ile pete ya mpira ya kuzibia, ilikuwa imekatika tangu dukani. Nilipata nyingine kwa shilingi 500, lakini fundi mwenye haraka angeshasema gari linavuja vibaya. Ukinunua seti hii, kipime kwanza kipimo chenyewe: funga kichwa cha kupimia mfuniko, weka mfuniko unaouamini, jaza presha, acha dakika kumi.

Katika kufanya hivyo nikapata jambo ambalo sikulitarajia. Mfuniko wa zamani, ambao sikuwa nimeutupa, ulishika hadi 0.9 ndipo ukafungua, kama ulivyoandikwa. Ule mpya alioniwekea fundi wa kwanza, nao umeandikwa 0.9, ulifungua kwenye 0.6. Niliurudia mara nne, jibu likawa lile lile. Ndiyo maana daftari langu lilionyesha kwamba baada ya kubadilishiwa mfuniko maji yalizidi kupungua, na mimi nilikuwa nimelaumu joto la kiangazi. Nikarudisha wa zamani.

Nikatandika maboksi chini ya injini yote, nikajaza rejeta hadi mdomoni, nikasukuma kitasa cha hita hadi upande wa joto ili maji yafike kila mahali, nikapampu hadi 0.9. Dakika ishirini baadaye mshale ulikuwa 0.55. Maboksi makavu. Nikamulika kitundu cha chini ya wota pampu, maungio ya rejeta, hozi moja moja pamoja na zile nyembamba, vizibo vya bloku. Nilipitisha karatasi ya chooni kila kona ambayo jicho halifiki, maana karatasi inaonyesha hata unyevu kidogo. Hakuna. Presha inashuka na nje hakuna tone: maji yanaingia ama ndani ya silinda, ama ndani ya gari lenyewe.

Nilianza na silinda kwa sababu ndiyo yenye gharama. Nikatoa plagi zote nne. Rangi ni moja, hakuna iliyooshwa ikawa nyeupe peke yake. Nikaacha presha kwenye mfumo, nikaiongeza kabla ya kulala, asubuhi nikapiga stata plagi zikiwa nje. Kama maji yangekuwa yameingia kwenye silinda yangeruka kupitia matundu ya plagi. Halikuruka tone. Kisha fundi mmoja wa malori Ubungo akaniazima kifaa chenye dawa ya bluu ambayo hugeuka njano ikikutana na hewa ya ekzosi. Unaiweka kwenye mdomo wa rejeta injini ikiunguruma, baada ya kupunguza maji kidogo ili yasiingie kwenye dawa. Ilibaki bluu kabisa. Kipimo hicho hakimo kwenye seti hii, na naona wauzaji wangeviuza pamoja.

Hapo nikakumbuka kitu ambacho mke wangu alikuwa amekisema mara mbili. "Baba Neema, hapa miguuni pana unyevu." Nami mara zote mbili nilimjibu kwamba ni maji ya kiyoyozi. Tena kioo cha mbele kilikuwa kinashika ukungu wenye utelezi, ukikifuta kwa kitambaa unasambaa badala ya kutoka, na hilo nalo nililiona ni vumbi la Dar.

Nyuma ya injini kuna hozi mbili zinazopita kwenye ukuta kwenda kwenye rejeta ndogo ya hita, ile iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Nikachukua klampu mbili za seremala, nikaweka vibao laini pande zote ili nisizipasue hozi za zamani, nikazibana zote mbili taratibu. Nikapampu tena hadi 0.9. Nikakaa kwenye kigoda na saa mkononi. Dakika tano mshale upo pale pale. Dakika kumi, ishirini. Baada ya nusu saa ulikuwa bado umesimama juu ya 0.9 kama uliochorwa. Nikaachia klampu, ukaanza kushuka mbele ya macho yangu.

Nikaenda upande wa abiria, nikatoa kapeti ya mpira, nikainua zulia. Juu lilikuwa limekauka. Chini yake kuna lile godoro la pamba nzito linalozuia kelele, nikalikamua kwa vidole, kikatoka kimiminika cha kijani chenye utelezi na harufu tamutamu. Maji ya kiyoyozi hayana rangi, hayatelezi. Na kijani kile nilikiona kwa sababu wiki mbili kabla niliacha kuongeza maji ya bomba nikaanza kuweka kulanti, kile kimiminika cha rangi cha kupozea injini. Miezi yote ya maji matupu nilikuwa nimejifutia ushahidi mwenyewe, mbali na kutu niliyoilisha injini. Nawaomba pia mafundi wanaogusa kwa kidole na kuonja waache. Kulanti nyingi zina sumu, na ule utamu ndio unaowaponza watoto na mbwa.

Niliporudi Gerezani kutafuta rejeta ya hita ya mtumba nilibeba pampu. Muuzaji hakukataa. Tukafunga kipande cha hozi upande mmoja kwa klipu, upande wa pili tukaziba kwa bolti, tukaizamisha kwenye beseni. Ya kwanza ilitoa mapovu pembeni. Ya pili ikatulia, nikaichukua kwa 60,000. Kushusha dashibodi na kurudisha kulichukua siku moja na nusu, ufundi 130,000. Kuna aliyenishauri niunganishe tu zile hozi mbili nisahau hita, na kwa mtu asiyesafiri nje ya Dar ushauri huo unatosha. Mimi wakwe zangu wako Iringa. Thamostati nayo nilirudisha mpya.

Kama una gari moja jipya, seti hii haikuhusu. Kama gari lako limepita miaka ishirini, au nyumba yenu ina magari mawili matatu ya aina hiyo, inunue, na umwone muuzaji akiifungua na kuijaza presha mbele yako. Jirani yangu aliiazima kwa ajili ya Noah yake. Dakika sita tu, tone likaanza kutoka kwenye kitundu cha wota pampu, na yeye alikuwa ameshaambiwa abadilishe rejeta.

Tangu ile siku nimetembea kilomita 4,200 na chupa ya soda haijatumika. Mwezi wa sita tulipanda tena Kitonga, watu watano na mizigo, mshale ukakaa chini kidogo ya nusu mpaka juu. Tulipopita Ilula jua lilikuwa limezama na baridi imeanza kuingia. Mke wangu akavua viatu, akaweka miguu kwenye zulia. "Baba Neema," akasema, "washa hita."