Spea za MTB: wapi uweke pesa, wapi uchukue za bei rahisi

Naulizwa sana hili swali, hasa na wale wamenunua MTB (baiskeli ya milimani) ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, na wanataka kuipanda milima ya Ngong ama kuzunguka msitu wa Karura, eti wachukue spea za bei rahisi ama wajikaze wanunue za bei kali. Inategemea spea, manake kuna zile zikikufa njiani unasukuma baiskeli hadi nyumbani na kuna zile zikikufa unaishia hospitali.

Namba moja ni breki, hapo sibishani na mtu. Kama bado unatumia breki za diski za kuvutwa na waya toa, weka za mafuta, na si lazima XT, zile za bei kali za Shimano, Shimano MT200 ni za bei ya chini na zinashika vizuri sana hata kwa mteremko. Lakini diski za bei hiyo mara nyingi ni za pedi za resini peke yake, ukifunga pedi za chuma diski inaliwa haraka. Na tafadhali mwangalie fundi, Shimano wanatumia mafuta ya mineroli, akikumiminia DOT, yale mafuta ya breki ya gari, sili zinaharibika na breki imeisha.

Namba mbili habu ya nyuma (kile kitovu cha gurudumu), na hii watu hawaiangalii kabisa. Baiskeli za bei ya chini nyingi zina friwili, yaani meno ya nyuma yanayokazwa kwa nyuzi kwenye habu, sasa kwa hiyo habu beringi ya upande wa cheni inakaa ndani sana na ekseli inabaki haijashikiliwa, ukipiga mawe kila wikendi inapinda mwisho inakatika. Yangu ilikatika nikishuka Ngong, nikasukuma hadi stage. Nikaweka gurudumu lenye frihabu (sehemu ya kuzunguka iliyo kwenye habu yenyewe) na kaseti (seti ya meno inayochomekwa juu yake) na tangu hapo sijagusa ekseli.

Tatu ni tairi. Kama pesa inatosha moja nzuri tu, iweke mbele, manake ya nyuma ikiteleza bado unaweza kujiokoa lakini ya mbele ikiteleza kwa ule udongo mwekundu umelowa, uko chini tayari.

Gia naweka namba nne, na ndio mahali watu wanamwaga pesa bure. Ngazi ya Shimano tuliyozoea inaanza Tourney, Altus, Acera, Alivio, halafu Deore, SLX, XT na XTR. Simama Deore. Kuanzia hapo kwenda juu kikubwa unacholipia ni wepesi wa uzito. Ila kabla hujalipa jua habu yako, Deore ya gia 12 yenye kaseti ya 10-51 (jino dogo lina meno 10, kubwa 51) inataka frihabu ya Micro Spline, aina tofauti ya Shimano, lakini ile ya gia 11, M5100 ya 11-51, inaingia kwa frihabu ya kawaida ya Shimano, kwa hivyo hununui gurudumu lingine.

Cheni chukua ya kawaida tu ubadilishe mapema. Kwa cheni mpya, kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake ni inchi 12 kamili, ikizidi karibu milimita 1.5 kwa gia 11 au 12 toa, usingoje mpaka iharibu kaseti.

Foka (uma wa mbele) ya springi ya bei rahisi sinunui, ni nzito na inacheza baada ya muda mfupi, afadhali foka ngumu ya chuma.

Pedali, gripu, siti, chukua za bei rahisi bila wasiwasi. Usukani wa kaboni usio na jina usiguse, hata ukiuziwa nusu bei.