Niliambiwa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) imekufa, kumbe kibetri na setingi moja

Nina steshenari ndogo Nyegezi, Mwanza, nachapa kazi za wanachuo, na desktop yangu ni ya mtumba ya miaka mingi. Jioni nikifunga nazima mpaka swichi ya ukutani sababu umeme ukikatika huwa unarudi kwa kishindo. Sasa kama wiki mbili hivi kila asubuhi nikiwasha nakuta tarehe imerudi 2010, brauza inagoma inasema tovuti sio salama, narekebisha saa naendelea na kazi. Siku moja ikawaka ikabaki nyeusi, inaandika tu kwamba haioni diski ya kuwakia. Fundi wa kwanza hata hakuifungua, akasema mazabodi imekufa tafuta nyingine, na hiyo ilikuwa wiki ya ripoti za field, wanafunzi wamejaa mlangoni, niliumia jamani.

Nikaipakia kwenye daladala mpaka mjini kwa kijana mmoja ana meza yake Makoroboi. Swali lake la kwanza: "Dada, saa yake huwa inarudi nyuma?" Akachomoa kile kibetri cha duara cha kwenye mazabodi, CR2032, akakipima na mita kikasoma volti 1 na ushee wakati inatakiwa 3. Akaweka kipya, 2,000, akawasha huku anabonyeza F2 harakaharaka tukaingia kwenye bayosi, ile programu ya ndani ya mazabodi inayoiamsha mashine, na kabla hajagusa kitu akaniambia nipige picha kila ukurasa kwa simu yangu. Hapo ndo nikaelewa, kumbe mashine ikiwa haina umeme kibetri ndo kinatunza saa na setingi, kikiisha zinarudi zile za kiwandani. Windows yangu iliwekwa kwa Legacy, ule mtindo wa zamani wa kuwaka, bayosi ikawa imerudi UEFI, ule mtindo mpya, kwa hiyo diski ipo nzima ila mashine haijui ianzie wapi. Akarudisha Legacy, F10 kusevu, ikawaka hapohapo na mafaili ya wateja yote yapo!

Nikamuomba anitolee na ile setingi ya kujiwasha yenyewe umeme ukirudi, akaitoa. Ila kuapudeti bayosi alikataa, akasema hapa sina UPS ya kushikilia umeme dada, umeme ukikatika katikati hapo mazabodi inaweza kufa kweli.

Jumla 12,000. Hana risiti na Jumamosi utapanga foleni sana, nenda asubuhi. Mimi nampa nyota tano zote, na zile picha nimezichapa nimezibandika pembeni ya mashine.