Mkate au bila mkate: mlo upi una wepesi wa baraka kwa Myahudi?

Anayekula mkate hunawa kwanza: humimina maji kwa kikombe juu ya kila mkono, husoma baraka, kisha hukaa kimya mpaka auonje mkate. Ila akishasema Hamotzi, baraka ya mkate, wali, samaki na mboga za mlo huo havidai baraka nyingine. Divai ina yake. Hapo mkate unashinda kwa mbali.

Bila mkate, kunawa huko hakupo, lakini sharti ujue kila chakula kimetokana na nini, maana ndivyo baraka yake inavyochaguliwa. Tofaa ni tunda la mti, basi baraka yake ni Ha'etz. Ndizi je? Ha'adama, ya mazao ya ardhini, kwa kuwa mgomba ukishazaa hufa, basi hauhesabiwi kuwa mti. Naipenda sana kanuni hii. Inakulazimisha ukitazame chakula kabla ya kukitafuna.

Baada ya kula, mambo yanageuka. Mkate unadai Birkat Hamazon, baraka nne ndefu zenye asili katika Kumbukumbu la Torati 8:10. Tofaa au samaki, Borei Nefashot fupi yatosha.

Kazini, ukiwa na dakika chache, acha mkate. Nyumbani, penye vyakula vingi mezani, uanze nao. Mlo wa Sabato hauna hiari: mkate, tena miwili mizima.