Uzoefu wangu na muvi bubu za michezo: anza na The Freshman

Kama unapenda mechi lakini muvi bubu hujawahi kuzipa nafasi, anza na The Freshman ya mchekeshaji Harold Lloyd, ya 1925. Kijana kaingia chuo anatamani apendwe na kila mtu, anaenda kujaribu timu ya futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kukimbia na mpira mkononi, kocha hana mpango naye ila sanamu la mazoezi limeharibika basi anasimamishwa yeye pale mijitu inamvaa mmoja baada ya mwingine, anaanguka anainuka, anaanguka anainuka, na bado anataka waendelee. Nilicheka lakini roho iliniuma, maana wanampa kazi ya kubeba maji na yeye anadhani kasajiliwa kama mchezaji.

Sasa ngoja mechi ya mwisho. Wachezaji wameumia mpaka benchi limekauka, anaingia yeye. Refa kamwambia ukisikia filimbi achia mpira, basi kaukamata anakata mbuga peke yake, mstari wa goli ule pale, king'ora cha kiwanda kinalia, anadhani ni filimbi ya refa, anauachia! Mimi sheria za ule mchezo sizijui na sikupotea hata kidogo, mtangazaji hakuna, kila kitu unakisoma mabegani na miguuni kwake. Na ule umati, baadhi ya picha walizipiga Berkeley wakati wa mapumziko ya mechi ya vyuo vikuu vya California na Stanford, 1924, ndo maana jukwaa lina uhai vile. Halafu Lloyd alishapoteza kidole gumba na cha shahada mkono wa kulia tangu 1919, bomu la kuigizia lilimlipukia, kwenye muvi anavaa glavu maalumu huwezi kujua. Heshima sana kwake.

College ya Buster Keaton (1927), mchekeshaji mwingine wa muvi bubu, naiweka ya pili. Keaton yuko fiti balaa, kuangusha viunzi vya mbio kwa ustadi ule lazima mwili uwe unautawala kweli, ingawa ule mruko wa upondo kuingia dirishani alirukiwa na Lee Barnes, bingwa wa Olimpiki 1924. Ila kuna kipande kajipaka rangi nyeusi usoni ajifanye mhudumu mweusi, kimenikera sana na sikitetei, kama unaangalia na watoto ujue mapema.

Zote haki miliki imeshaisha Marekani kwa hiyo bure zipo, ila usidake ya kwanza unayoiona, nyingine picha imefifia na muziki wamebandika wowote tu, presha ya mechi yote inakufa. The Freshman tafuta iliyosafishwa yenye muziki wa okestra aliotunga Carl Davis.