Amplifaya ya kukodisha Tanga: mtazame pini ya tatu kwanza

Wenzangu mnaokodisha vyombo vya harusi Ngamiani na Chumbageni, malalamiko yenu ni yaleyale: amplifaya mpya, wati tele, lakini mshereheshaji akinyamaza tu, spika zinavuma. Wati leo sizigusi. Kila muuzaji anaziimba.

Geuzeni mashine mwone nyuma. XLR, tundu la duara la waya wa sauti, ina pini tatu: ya 1 ni ethi, ya 2 na ya 3 zinabeba sauti ileile, moja imepinduliwa. Waya mrefu kutoka kwenye mikisa ukilala karibu na wa umeme, mvumo wa hezi 50 unaingia pini zote mbili kwa kiasi kilekile. Amplifaya inachukua tofauti yao: sauti inabaki, mvumo unajifuta. Lakini rezista za ndani, vipande vinavyozuia umeme kwenye saketi ya kutoa hiyo tofauti, lazima zilingane. Saketi rahisi ya rezista nne zinazoweza kukosea kwa asilimia 1, isiyokuza sauti, zikipishana vibaya kabisa inapunguza mvumo kwa desibeli 34 tu. Zikiwa za asilimia 0.1, punguzo halishuki chini ya desibeli 54, na likiwa kubwa ndiyo bora. Hilo halichapwi kwenye boksi.

Kuna na matapeli: ndani ya mashine pini ya 3 imeunganishwa na ya 1, XLR imebaki pambo. Chomoa mashine kwenye umeme, weka multimita, kile kipimo cha umeme, kwenye mlio, gusa pini hizo mbili. Ikilia, irudishe rafuni.

Kwangu ya kwanza ni Yamaha PX, na upendeleo siufichi: XLR na jeki ya TRS, ile ya plagi nene yenye sehemu tatu, zote ni balansi, yaani zinafuta mvumo kwa njia ile ya tofauti. Ya pili Crown XLi. XLR yake safi, ila ina RCA pembeni, tundu dogo lisilo balansi, na vijana wenu wakiona RCA watachomeka hapo, mvumo urudi. Behringer NX inafaa kumbi ndogo. Zisizo na jina, za sebuleni.

Sasa hao wauzaji. Duka moja hapa mjini nilitoa multimita, nikaambiwa, "Dada, ukifungua boksi umenunua." Bei ya Dar, nauli juu, na kujaribu marufuku! Nilipouliza mvumo, dawa yake ikawa kukata waya wa ethi kwenye plagi. Mvumo utapungua kweli, ila siku umeme ukivuja ndani, boksi la chuma na maiki vinaweza kumpiga aliyevishika. Mkinunua ya mtumba, fungueni plagi kwanza. Waya huo ukiwa umekatwa, fundi auunge kabla hamjaiwasha.